Msomaji wa Bunduki za Oda

Nimekula pilau chini ya bunduki nyingi kuliko askari wengi wa kwetu. Zilikuwa ukutani sebuleni, zimelazwa juu ya vishikizo vya mbao, moja juu ya nyingine, na chini yake kulikuwa na kochi la maua ambalo wageni walikalia wakiwa wameinamisha vichwa kidogo, wasije wakaangukiwa. Mwenye nyumba hakuwa askari wala mwindaji. Alikuwa mfamasia, na ndivyo tulivyomwita, Mfamasia, wakubwa kwa wadogo, hata kanisani ambako sisi wengine wote tulikuwa ndugu fulani na dada fulani. Watu wetu wengi wa upande ule wa Alexandria, Virginia, huku Marekani, walichukua vidonge vyao vya presha dirishani kwake, na wengi walivichukua mara mbili: mara moja kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka, na mara ya pili kwa Kiswahili, ili waelewe.

Alikuwa Mtanzania, mimi ni Mkenya wa bara, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kusalimia. Siku ya kwanza kufika kwake nilimwambia, "Habari yako, Mzee?" Akanitazama kwa upole, kimya, kama mtu anayesubiri gari lililochelewa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Shangazi, akaninong'oneza kutoka jikoni, "Mwamkie, mwanangu, la sivyo mtalala hapo mlangoni." Nikasema shikamoo. "Marahaba, binti, karibu ndani," akajibu, na uso wote ukafunguka. Kwetu neno hilo tulilijua vitabuni tu. Kwake lilikuwa ufunguo wa nyumba.

Hakukusanya bunduki yoyote iliyopita mbele yake. Alitaka zile alizoziita bunduki za oda, yaani zilizotengenezwa katika nchi moja kwa ajili ya jeshi la nchi nyingine, wakati vita vimepamba moto na mteja hawezi kujitengenezea za kutosha. Waingereza waliagiza Marekani. Warusi wa enzi ya mfalme wao waliagiza Marekani. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vitu vingine kabisa vikageuzwa, wakaguzi wakavuka bahari kuja kukagua chuma na kugonga mihuri yao midogo, na ikawa kwenye mtutu mmoja unakuta jina la kiwanda cha Marekani na tai wa Urusi mwenye vichwa viwili. Kisha mfalme akapinduliwa. Bunduki nyingi za Kirusi zilizozaliwa Connecticut zikabaki hapa hapa, hazina mwenyewe.

Ya kwanza aliiona kwenye duka la vitu vikuukuu akiwa bado mwanafunzi wa chuo huko College Park, Maryland. Aliingia kutafuta meza ya kusomea. "Nikaiona imesimamishwa kwenye pipa pamoja na miavuli," alinisimulia. "Nikasoma pale juu. Huyu kazaliwa hapa, lugha yake ya kule, na kule kwenyewe hajawahi kufika. Nikamwonea huruma, binti. Meza sikununua."

Huruma hiyo ilikuwa na kwao. Serikali ya nchi yake ilikuwa imemsomesha ili arudi kufanya kazi katika hospitali ya wilaya aliyotoka. Alikuja Marekani kuongeza masomo, masomo yakaisha, mtoto akazaliwa, na kila mwaka safari ya kurudi ikasogezwa mbele kidogo mpaka siku moja ikakosa pa kusogezwa. Hakuna aliyemdai. Hospitali ile huenda ilishamsahau. Lakini mtu akitoka Tanzania akitaja wilaya ile, Mfamasia alikuwa ananyanyuka kwenda kukagua birika la chai ambalo Shangazi alikuwa ameshalikagua. Shangazi hakuwa na simile. "Unaona hizi bunduki?" aliniambia siku moja mbele yake. "Ndugu zake hizi. Naye ni oda iliyokosa kufika." Tulicheka sote. Yeye alicheka kwa kuchelewa.

Kabla ya Alexandria walipanga Columbia Heights, ndani ya jiji la Washington, karibu na stesheni ya treni. Lakini sheria za jiji kuhusu silaha zilikuwa kali, naye hakutaka kucheza na sheria, akavuka mto kuja Virginia. Shangazi alipenda majirani wa kule na masoko ya kule, na hakuacha kumkumbusha. "Wenzangu wamehamishwa na kazi," alikuwa akisema. "Mimi nimehamishwa na mfalme wa Urusi."

Na huyo ndiye mtu aliyeogopa mlio. Usiku wa sherehe za Uhuru wa Marekani, fataki zikianza kulia, alifunga madirisha, akaongeza sauti ya televisheni na kukaa bafuni na gazeti. Risasi hakuwahi kuweka nyumbani hata moja. Kuku wa Krismasi alichinjiwa na Shangazi. Kinyozi wetu, Mkongo mmoja mcheshi asiyeacha Kifaransa chake, alimwuliza mara moja kwenye arusi, "Papa, mais hizi zote, unangoja vita gani?" Mfamasia akamjibu bila kutabasamu, "Vita vyake vilishaisha. Mimi nazipumzisha."

Kumwangalia akisoma bunduki ilikuwa raha, nakiri. Kwanza alinawa mikono kama anayekwenda kula. Akavaa glavu nyeupe za pamba. Akatandika taulo mezani, akailaza, akahakikisha iko tupu, kisha akahakikisha tena. Hapo ndipo ilipotoka lenzi yake ndogo, na midomo ikaanza kwenda. Alisoma kwa sauti, kuanzia juu ya mtutu kurudi nyuma: jina la kiwanda, mwaka, tai, namba. Namba ya mtutu ifanane na ya komeo, na ya komeo ifanane na ya bamba la chini. Kisha mbao, maana mbao za Marekani alizijua kwa rangi na kwa uzito. Ukimwambia bunduki fulani ni nzuri alikasirika kidogo. "Sijauliza uzuri. Nauliza nani aliagiza, nani alikagua, nani alipokea." Na namba hakuziandika. Zilibaki kichwani, kila bunduki aliyowahi kuishika, kama wengine wanavyokumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu.

Sasa niseme kasoro yake, ambayo kwa muda mrefu niliiona ni sifa. Hakuweza kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mtu. Akipewa chakula kilichozidi chumvi alisema kimezidi chumvi, akamaliza sahani. Familia moja ya Kenya ilimwalika kwenye sherehe ya mtoto wao, na ukutani walikuwa wamening'iniza picha ya babu yao kavaa sare, kashika bunduki. Baba mwenye nyumba akaanza, "Huyu ni guka yetu, hapa alikuwa Burma, ali-fight na Wajapani huko msituni." Wageni wakaguna kwa heshima. Mfamasia akasogea, akainua miwani, akasoma ile picha. "Hapana," akasema. "Wakati wa Burma bunduki hii haikuwa imetengenezwa bado. Hapa vita vya Burma vimeisha zamani."

Yule baba akasema, "Lakini si alikuwa Burma? Tumeambiwa hivyo toka tukiwa watoto."

"Huenda alikuwa Burma," Mfamasia akasema. "Picha ndiyo haikuwa."

Tulicheka njia nzima kurudi, mimi na Shangazi, machozi yakitutoka, na kwa wiki kadhaa nikawasimulia wenzangu kazini. Sikufikiria wale watu walibaki wakiitazamaje picha yao. Leo nafikiria.

Mimi ni mtunza wagonjwa. Naenda nyumbani kwa wazee, nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia uji wa shayiri ambao hata mimi siupendi. Wakati huo nilikuwa na mgonjwa mmoja, mzee wa Kimarekani, mjane, katika nyumba ya matofali huko huko Alexandria. Alikuwa na binti mmoja aliyekuja mwisho wa juma. Juu ya meko yake ilikuwepo bunduki ndefu nyembamba, na kila asubuhi nikimnyoa ndevu alinieleza habari zake. Baba yake alikuwa askari. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokaribia kwisha, badala ya kurudishwa nyumbani, alipelekwa na wenzake kaskazini mwa Urusi, kwenye theluji, wakapewa bunduki za Kirusi. Baba alichekea jambo hilo maisha yake yote: kwamba alisafiri mpaka mwisho wa dunia kupewa bunduki iliyotengenezwa Marekani. Baridi ilimkata vidole viwili vya mguu. Alirudi na bunduki ile imeviringishwa kwenye blanketi, na baada ya hapo akauza viatu mpaka kufa kwake.

Niliijua hadithi hiyo kuliko niijuavyo ya babu yangu mwenyewe. Mgonjwa wangu hakuwa na kingine cha kujivunia. Alikuwa karani, mkewe amekufa, miguu imekataa, lakini alikuwa mtoto wa yule mtu wa theluji.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia nikajiona mjanja. Nikasema, nimletee zawadi ambayo binti yake hawezi kuinunua dukani. Nikamleta Mfamasia.

Alikuja na suti, na taulo, na lenzi. Binti wa mgonjwa alikuwa ameoka keki. Mfamasia akanawa mikono, akaishusha bunduki kwa adabu kama anayepokea mtoto mchanga, akaanza kusoma. Tai wa vichwa viwili yupo. Jina la kiwanda, la Marekani. Namba zote zafanana. Mbao zile zile. "Hii ni ya oda ya mfalme wa Urusi," akasema, "na sijaona iliyo kamili namna hii." Mgonjwa wangu akang'ara kama taa. Alinishika mkono akaubana. Ningemtoa Mfamasia nje wakati ule, angekuwa mtu wangu mpaka leo bila doa.

Lakini akaendelea kuigeuza. Akairudia kutoka mwanzo, kimya safari hii. Akaenda nayo dirishani.

"Unatafuta nini?" mgonjwa akamwuliza.

"Alama ya jeshi la Marekani," Mfamasia akasema. "Bomu dogo lenye mwali. Bunduki hizi zilipokosa mteja, jeshi lenu lilichukua nyingi, na kila iliyochukuliwa na jeshi iligongwa alama hiyo. Hii haina."

"Na maana yake?"

Angeweza kusema sijui. Ni neno fupi, hata watoto wanaliweza. Lakini alikuwa amesoma, ameulizwa, na chuma kilikuwa mkononi mwake. "Maana yake haikupita jeshini," akasema. "Kama baba yako angepewa na jeshi lake, ingegongwa. Zilizobaki ziliuzwa kwa raia baada ya vita, kwa bei rahisi. Nadhani aliinunua."

Mgonjwa wangu hakubisha. Alimwangalia mgeni wake, mtu msafi, mwenye suti na glavu nyeupe, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumdanganya. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia ukweli." Tukala keki.

Garini nilimlipukia. "Mzee, ungenyamaza tu, ungekufa?"

"Aliniuliza, binti."

"Alikuuliza umpongeze!"

"Hapo ningejuaje?" akasema, na nilipomtazama nikaona kweli hakujua.

Nilichokiona baada ya hapo nilikiona peke yangu, asubuhi baada ya asubuhi, na wembe mkononi. Hadithi ilikoma. Nilijaribu kuichokoza, nikimwuliza habari za theluji, akasema, "Sijui kama kulikuwa na theluji." Kisha akaanza kuchimba kwingine. Vile vidole viwili, labda vilikatwa na mashine kiwandani, maana baba aliwahi kufanya kazi kiwandani kabla ya viatu. Wenzake wa vitani aliokuwa akiwataja kwa majina, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kuja nyumbani? Alimchambua baba yake kipande kwa kipande, mtu aliyekufa siku nyingi asiyeweza kujitetea. Mimi nilikuwa nampaka mafuta miguuni na kusema, "Usijali, usijali," neno ambalo halijawahi kumsaidia mtu.

Siku moja nikaingia, juu ya meko hamna kitu, misumari mitupu. Polisi walikuwa wametangaza siku ya kukusanya silaha ambazo watu hawazitaki, na yeye mwenyewe alimwamuru binti yake aipeleke. Zilizokusanywa zilikatwakatwa. "Sitaki uongo ukutani kwangu," alisema, tena kwa sauti ya kawaida, akaomba uji.

Nilimweleza Mfamasia baada ya ibada, kwenye maegesho. Kwanza akashika kichwa. "Wameikata? Ile? Namba zote zafanana, wameikata?" Nilimwacha amesimama pale nikaingia garini. Nilikasirika kwamba alililia chuma kabla ya mtu, na nilikasirika zaidi kwa kuwa mimi ndiye niliyewakutanisha, kwa hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kukasirikia.

Ulipita mwaka na zaidi. Nilikwenda kwenye duka la dawa alikofanya kazi kuchukua dawa, na yeye akanipungia mkono kwenye lile dirisha la pembeni ambalo watu huitwa kuelezwa kwa siri jinsi ya kutumia dawa zao. Nikadhani kuna tatizo na vidonge. Aliinama mpaka uso ukafika karibu na kioo.

"Nimekosea," akasema.

"Umenipa dawa isiyo yangu?"

"Bunduki ya yule mzee."

Alinieleza pale pale, kwa sauti ya chini, watu wakipita nyuma yangu na vikapu vyao. Kwenye maonyesho ya bunduki, katika ukumbi mmoja karibu na uwanja wa ndege, alikutana na mkusanyaji mkongwe mwenye bunduki ya aina ile ile, haina bomu wala mwali, pamoja na picha ya askari wa Kimarekani ameishika katikati ya theluji. Mfamasia akambishia. Yule mkongwe akamcheka. Askari waliopelekwa kule kaskazini, akamwambia, hawakupewa bunduki kutoka ghala la jeshi lao. Walipewa kutoka shehena iliyokuwa imetengenezwa kwa oda ya Urusi moja kwa moja, na wakaguzi wa Kimarekani hawakuigusa kamwe. Alama ile haikuwepo kwa sababu haikupaswa kuwepo. Tena shehena ile namba zake zilifuatana, na mkongwe akamtajia kutoka hii mpaka hii.

"Na ya mgonjwa wangu?" nikauliza.

"Katikati, binti. Katikati kabisa." Akavua miwani. "Nilikuta pahali patupu, nikapasoma. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivyo. Ukikosa kuona dalili ya ugonjwa, husemi mtu ni mzima, unasema hujaiona."

Nikamwambia twende kwa mzee kesho. Akasema hapana, ngoja kwanza athibitishe. Nikasema, athibitishe nini, bunduki ilikatwa! Akasema atafute nyingine ya shehena ile, aishike mwenyewe, ili akienda aende na neno lenye uzito. "Safari hii sitaki kukosea," akasema, akaniomba nami nisimwambie mzee lolote mpaka hapo.

Hapo ndipo nilipomwona jinsi alivyo, na sikujua nimcheke au nimlilie. Alikuwa na hatia inayomla, lakini hata hatia yake aliitaka iwe na namba zinazofanana. Alizunguka kwenye maonyesho miezi mingi. Alikonda. Shangazi aliniambia usiku anamsikia sebuleni, amekaa tu chini ya zile bunduki, taa imezimwa. "Mwambie aende na mdomo mtupu," Shangazi akanisihi. "Mimi nimeshindwa. Ananiambia kwanza, kwanza, kwanza. Maneno hayo hayo alikuwa akiniambia habari ya kurudi nyumbani." Nilimwambia kila Jumapili. Alinipokea kila Jumapili kwa heshima zote, na kila Jumapili alikuwa amesikia habari ya bunduki nyingine, mahali pengine.

Wakati huo huo akaacha kusoma. Watu walikuja na bunduki za wajomba zao, na picha, na panga za zamani, akawapa chai na kusema, "Sijui." Neno lile lililomshinda siku ya keki sasa lilitoka kwa kila kitu, hata kwa mambo aliyoyajua vizuri. Mkusanyaji mmoja alimbembeleza kwa muda mrefu atazame tu mwaka wa kutengenezwa, uliokuwa umeandikwa wazi. "Sijui, bwana," akasema. "Soma mwenyewe."

Mgonjwa wangu alianguka bafuni siku ambayo si zamu yangu, akavunjika nyonga, akahamishiwa nyumba ya wazee. Nikaendelea kumtembelea kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumnyoa ndevu, na mkono wangu ulishamzoea. Akili ilikuwa timamu kabisa. Mwili ndio ulikuwa unakwisha, na wauguzi waliniambia kwa macho kile ambacho hawakuruhusiwa kuniambia kwa mdomo. Nikampigia Mfamasia simu kazini. Sikumwamkia. "Ukingoja bunduki utamkosa mtu," nikamwambia, nikakata.

Alikuja alasiri ile ile, na koti jeupe la kazini bado mwilini. Nilimpeleka mpaka kitandani. Mgonjwa alimtambua kabla sijasema neno. "Mtu wa bunduki," akasema, akanyoosha mkono. "Karibu."

Mfamasia hakukaa. Akaeleza yote akiwa amesimama, kwa Kiingereza chake cha dirishani, polepole, hatua kwa hatua: shehena, oda, wakaguzi, namba. Alimtajia namba ya bunduki yake, kichwani, bila kukosea. Alimwambia picha ya yule askari aliiona kwa macho yake. Alimwambia, "Baba yako alikwenda. Theluji ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekosea." Mikono hakujua aiweke wapi, ikawa inashika reli ya kitanda na kuiachia.

Mgonjwa wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akampapasa mkono.

"Wewe ni mtu mwema," akasema. "Huyu ndiye aliyekutuma?" Akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Hakuna aliyenituma. Nakwambia kilicho kweli."

"Siku ile hukunitazama hata mara moja," mgonjwa akasema. "Ulitazama chuma tu. Ndiyo maana nilikuamini. Leo hujaacha kunitazama tangu umeingia. Unanihurumia, rafiki yangu. Si vibaya. Nakushukuru."

Mfamasia akanigeukia, kama vile ningeweza kumwambia kitu kwa lugha nyingine kikaeleweka. Nikajaribu. Nikasema ni kweli, mzee, mimi mwenyewe alinieleza zamani, kabla hujaanguka. Akanitikisia kichwa kwa upendo ule ule aliokuwa akinipa nikimwambia uji ni mtamu.

"Msisumbuke," akasema. "Nimekuwa na muda mwingi wa kumfikiria baba. Aliuza viatu, alikuwa na mtoto aliyemtazama kama Mungu, akatunga hadithi. Nani asingetunga? Nimeshamsamehe."

Mfamasia akapiga magoti. Mtu mzima, na koti lake jeupe, akapiga magoti kando ya kitanda kile mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha mgonjwa, jambo ambalo kwao na kwetu halihitaji tafsiri. "Na mimi?" akasema. "Mimi utanisamehe?"

Mgonjwa wangu alicheka, kicheko kidogo kilichomletea kikohozi, nikamwinua, nikamnywesha maji. Alipotulia alimtazama mtu aliyepiga magoti kwa mshangao mtupu.

"Wewe nikusamehe nini?" akasema. "Maisha yangu yote, wewe ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli."